Kuanza Upya na Kusoma Upya: Majagina wa Katuni za Kimarekani Mikononi mwa Watunzi Wapya

1. Utangulizi

Miongoni mwa tanzu za fasihi pendwa zilizoenea sana katika karne ya 20, hadithi za katuni za Kimarekani zinazohusu majagina wenye nguvu za ajabu zina sifa inayozitofautisha na riwaya. Riwaya kwa kawaida ina mtunzi mmoja, na ina mwisho. Hadithi za majagina hawa hazina mwisho, na watunzi wake hupokezana. Superman, aliyetokea kwa mara ya kwanza mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics, bado anachapishwa hadi leo. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikwisha fariki, na idadi kubwa ya waandishi na wachoraji wengine wamemwandika na kumchora baada yao.

Hali hii humfanya mchapishaji arudie tendo moja kila baada ya miaka kadhaa. Humchukua jagina mkongwe ambaye wasomaji wamemchoka, humkabidhi kwa mwandishi na mchoraji wapya, kisha hutangaza kwamba jagina huyo anaanza upya. Mara nyingine tendo hili huzaa kazi inayokumbukwa kwa miongo mingi. Mara nyingine huzaa vishindo vya biashara vinavyotulia baada ya miezi michache.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha tofauti hiyo kwa kuchunguza mifano kadhaa iliyotokea kati ya mwaka 1956 na 2016. Hoja kuu ni kwamba jagina mkongwe hahuishwi na namba moja inayochapwa juu ya jalada, wala na historia mpya ya kuzaliwa kwake. Huhuishwa na swali jipya ambalo watunzi wapya huuliza kuhusu mambo yale yale waliyoyarithi. Kwa ajili ya mjadala, tendo la kwanza litaitwa kuanza upya, na la pili litaitwa kusoma upya.

Suala hili linamhusu mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, jagina asiye wa mtunzi mmoja si mgeni katika fasihi simulizi. Habari za Fumo Liyongo zimesimuliwa na kutungiwa tendi na watu wa vizazi mbalimbali, na kila fanani alichagua la kukoleza na la kuacha. Katuni za Kimarekani zinaonyesha utaratibu unaofanana na huo ukifanyika ndani ya kiwanda, chini ya sheria ya hakimiliki. Pili, baadhi ya majagina hao wamepewa asili ya Afrika, mmoja wao ya Kenya, na namna wanavyosomwa upya inagusa picha ya Mwafrika katika fasihi inayosomwa duniani kote.

2. Jagina kama mali, na tatizo la wakati

Ili kuelewa kwa nini watunzi hubadilishwa, ni lazima kwanza kuelewa jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Toleo la kawaida la katuni hizi ni kijitabu cha kurasa zipatazo 20 za hadithi, na hutoka kila mwezi. Mwandishi hutunga kisa na maneno. Mchoraji huchora kwa penseli. Mwingine hutia wino juu ya penseli. Wa nne hutia rangi. Wa tano huandika herufi. Mhariri huwasimamia wote. Mmoja wao akiondoka, kazi haisimami, kwa kuwa mhariri humtafuta mwingine wa kujaza nafasi yake. Mgawanyo huu wa kazi ulitokana na haja ya kuwahi tarehe ya kuchapa, nao ndio uliozifanya kampuni zizoee fikra kwamba mtunzi anaweza kubadilishwa ilhali mhusika anabaki.

Sheria iliimarisha fikra hiyo. Mwaka 1938 Siegel na Shuster walilipwa dola 130 kwa hadithi yao ya kwanza ya Superman, na kwa malipo hayo walihamisha haki zote za mhusika huyo kwa mchapishaji. Jagina aliyeingiza mali nyingi kwa miongo iliyofuata hakuwa wao tena. Mwezi Desemba 1975, baada ya kilio chao kusikika hadharani, kampuni iliyommiliki Superman ilikubali kuwapa kiinua mgongo cha dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao katika hadithi. Bill Finger, aliyeshiriki kumbuni Batman mwaka 1939, alifariki mwaka 1974 bila jina lake kutambuliwa rasmi. Utambuzi huo ulikuja mwaka 2015. Kwa hiyo, kila inapotangazwa kwamba jagina fulani amepata watunzi wapya, nyuma ya tangazo hilo wapo watunzi wa zamani ambao mara nyingi hawakuwa na sauti katika uamuzi huo.

Mbali na umiliki, lipo tatizo la kifasihi. Mwanazuoni wa Kiitalia Umberto Eco alilieleza katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Superman. Kwa maoni yake, jagina wa visasili ana kisa kilichokwisha kukamilika. Hadhira inajua alivyoishi na alivyokufa. Mhusika wa riwaya hubadilika kadiri kisa kinavyoendelea. Superman ametakiwa awe vyote viwili kwa pamoja. Lazima apate visa vipya kila mwezi kama mhusika wa riwaya, lakini asizeeke wala asibadilike, kwa sababu bidhaa isiyokuwapo haiwezi kuuzwa. Matokeo yake ni kwamba matukio hulimbikizwa bila wakati kusogea. Baada ya miaka 20 au 30 limbiko hilo huwa zito. Msomaji mpya hajui pa kuanzia, naye msomaji wa zamani anajua kila linalokuja. Hapo ndipo mchapishaji anapoita watunzi wapya.

3. Flash, 1956: urithi uliokubaliwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mauzo ya katuni za majagina yalishuka, na mifululizo mingi ikafungwa. Waliosalia bila kukatika walikuwa wachache, wakiwemo Superman, Batman na Wonder Woman. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu Seduction of the Innocent akidai kwamba katuni huwapotosha watoto. Mwaka huo huo wachapishaji waliunda chombo cha kuchuja maandishi na michoro yao wenyewe. Hadithi za uhalifu na za kutisha zilibanwa sana, na wahariri wakalazimika kutafuta jambo jingine la kuchapisha.

Ni katika hali hiyo ambapo mhariri Julius Schwartz wa kampuni ya DC alimfufua Flash, jagina mwenye mbio za ajabu. Flash wa kwanza, Jay Garrick, alibuniwa mwaka 1940 na mwandishi Gardner Fox na mchoraji Harry Lampert. Mfululizo wake, Flash Comics, ulikoma mwaka 1949 katika toleo la 104. Katika toleo la nne la jarida la Showcase la mwaka 1956, mwandishi Robert Kanigher na mchoraji Carmine Infantino walimleta Flash mwingine kabisa. Huyu aliitwa Barry Allen, mwanasayansi wa polisi aliyepigwa na radi akiwa maabarani. Jina na mbio zilibaki. Mtu, vazi na dunia yake vilikuwa vipya.

Mambo mawili katika ufufuo huu yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kwamba hadithi mpya haikuificha ya zamani. Kabla ya kupigwa na radi, Barry anaonekana akisoma katuni ya zamani ya Flash, na ni kutokana nayo anachukua jina lake. Watunzi wapya walimfanya jagina wao kuwa msomaji wa watangulizi wao. La pili linahusu namba. Barry alipopewa mfululizo wake mwaka 1959, toleo la kwanza halikupewa namba moja. Lilipewa namba 105, kuendeleza hesabu iliyokatika miaka kumi nyuma. Katika soko la wakati ule, namba kubwa ilikuwa ushahidi kwamba jarida ni la kudumu na linaaminika.

Mwaka 1961, katika toleo la 123, Flash wawili walikutanishwa kwa maelezo kwamba kila mmoja anaishi katika dunia yake. Mwandishi wa hadithi hiyo alikuwa Gardner Fox, yule yule aliyemtunga Jay Garrick miaka 21 kabla. Ndani ya hadithi, Barry anaeleza kwamba mtu mmoja aitwaye Gardner Fox aliyaona maisha ya Jay usingizini na kuyaandika akidhani ameyabuni. Mtunzi wa kale alipata nafasi, adimu katika tasnia hii, ya kumkaribisha mrithi wa mhusika wake kwa mkono wake mwenyewe.

4. X-Men, 1975: swali la nani aliye mgeni

Mfano wa pili unatoka kampuni ya Marvel. Mfululizo wa X-Men ulianzishwa mwaka 1963 na Stan Lee na Jack Kirby. Ulihusu vijana waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, wanaoogopwa na kuchukiwa na jamii wanayoilinda. Dhamira ilikuwa nzito, lakini mauzo yalikuwa hafifu. Hadithi mpya zilikoma na toleo la 66 la mwaka 1970, na kwa takriban miaka mitano jarida likawa linarudia kuchapa hadithi za zamani.

Mwaka 1975 mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walitoa toleo maalumu lenye kundi jipya. Vijana watano wa awali walikuwa wote Wamarekani weupe. Kundi jipya liliwaleta pamoja watu wa mataifa mbalimbali, wakiwemo Mjerumani, Mrusi wa Urusi ya Kisovyeti, Mkanada, Mjapani, Mwairishi, Mmarekani wa asili wa kabila la Waapache, na mwanamke aliyekutwa Kenya. Wein hakuendelea nao kwa muda mrefu kwa kuwa alielemewa na majukumu ya uhariri. Aliukabidhi mfululizo kwa kijana aitwaye Chris Claremont, ambaye aliuandika kwa muda wa miaka 16. Hadithi za kundi hilo ziliendelea katika toleo la 94 bila kurudi kwenye namba moja.

Swali lililoulizwa na watunzi hawa lilikuwa limefichika ndani ya hadithi za Lee na Kirby tangu mwanzo: ikiwa hawa ni watu wanaobaguliwa kwa namna walivyozaliwa, kwa nini hawafanani na watu wanaobaguliwa duniani? Kwa kubadili wahusika, Wein na Cockrum waliifikisha dhamira ya watangulizi wao mahali ambapo wenyewe hawakuifikisha.

Mwanamke aliyekutwa Kenya ni Ororo Munroe, maarufu kwa jina la Storm, mwenye uwezo wa kutawala mvua, upepo na radi. Katika hadithi ya kwanza wanakijiji wanamsujudia kama mungu wa mvua. Mwaka 1976 Claremont alimtungia wasifu: baba yake ni mpigapicha Mmarekani mweusi, mama yake ni binti wa ukoo wa kitawala kutoka Kenya aitwaye N'Dare, na yeye mwenyewe alikua yatima mjini Cairo kabla ya kutembea kuelekea kusini hadi katika nchi ya mama yake. Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba Ororo linafanana na kivumishi -ororo, chenye maana ya laini. Ataona vilevile kwamba jina N'Dare limetiwa ritifaa ambayo tahajia ya Kiswahili huitumia katika ng' pekee. Kenya ya hadithi hizo za mwanzo haina mji, shule, gazeti wala serikali. Ina nyika na waabudu. Ni Kenya ya kubuniwa na watu wa New York.

Hata hivyo, mhusika hakubaki pale alipowekwa. Katika miaka ya 1980 Claremont alimfanya Storm kiongozi wa kundi. Mwaka 1984 alimvua nguvu zake zote. Mwaka 1986 alimwonyesha, bado akiwa hana nguvu hizo, akimshinda kiongozi wa awali katika pambano la kugombea uongozi. Kwa njia hiyo mwandishi aliuliza swali ambalo hadithi ya mungu wa mvua haikuliuliza: mwanamke huyu ni nani pale ambapo hakuna anayemsujudia? Storm aliyejibu swali hilo ndiye aliyeingia katika kumbukumbu za wasomaji.

5. Daredevil na Swamp Thing: uhai bila namba mpya

Mifano miwili inayofuata inathibitisha kwamba mfululizo unaweza kubadilika kabisa bila kutangazwa kuwa umeanza upya.

Daredevil, mwanasheria kipofu anayepambana na wahalifu usiku, alibuniwa mwaka 1964 na Stan Lee na Bill Everett. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 jarida lake lilikuwa likitoka mara moja tu kila miezi miwili. Mwaka 1979, kuanzia toleo la 158, mchoraji kijana Frank Miller alianza kulichora. Kuanzia toleo la 168, lenye tarehe ya Januari 1981, akawa pia mwandishi. Miller hakubadili upofu wa Daredevil, kazi yake, wala mtaa wake. Alichukua ukweli uliokuwapo tangu mwanzo, kwamba mtu huyu hutetea sheria mahakamani mchana na kuivunja juu ya mapaa usiku, akaufanya kuwa kiini cha mgogoro. Jarida likarudi kutoka kila mwezi.

Swamp Thing ni mfano ulio bayana zaidi. Mhusika huyu, kiumbe cha majani na matope cha mabwawa ya Louisiana, alibuniwa na Len Wein na mchoraji Bernie Wrightson mwaka 1971. Kwa mujibu wa hadithi za awali, alikuwa mwanasayansi Alec Holland aliyelipukiwa na kemikali, akatumbukia bwawani na kugeuka kiumbe hicho. Visa vyake vyote vilihusu hamu ya kurudi kuwa binadamu. Tatizo la msuko huo ni dhahiri: akifanikiwa, mfululizo umekwisha, na msomaji anajua kwamba mchapishaji hatakubali uishe.

Mfululizo wa pili ulioanza mwaka 1982 ulikuwa na mauzo duni. Wein, ambaye sasa alikuwa mhariri wake, alimpigia simu mwandishi Mwingereza Alan Moore na kumpa kazi. Moore aliingia katika toleo la 20. Katika toleo la 21 la Februari 1984, akishirikiana na wachoraji Stephen Bissette na John Totleben, alitoa ufafanuzi mpya. Alec Holland hakugeuka kiumbe. Alikufa siku ile ile ya mlipuko. Mimea ya bwawa ilifyonza kumbukumbu zake, na kwa muda wote huo ikadhani kuwa ni yeye. Hakuna binadamu wa kurudiwa kwa sababu hapakuwa na binadamu tangu mwanzo.

Hapa ndipo maana ya kusoma upya inapoonekana wazi. Moore hakufuta toleo hata moja la Wein na Wrightson. Kila tukio walilolichapisha lilitokea vile vile lilivyotokea, lakini maana ya matukio yote iligeuka. Swali la zamani, namna ya kurudi kuwa mtu, liliachia nafasi swali jipya: kiumbe kisicho mtu kinaishije miongoni mwa watu na kwa wajibu gani kwa ardhi yake? Moore aliendelea hadi toleo la 64 la mwaka 1987. Katika muda wote huo namba za majalada ziliendelea kuhesabiwa kama kawaida.

6. Namba moja kama bidhaa

Jinsi namba moja ilivyogeuka kutoka dalili ya ugeni hadi kuwa bidhaa inaelezwa na mabadiliko ya soko. Katika miaka ya 1950 katuni ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, na nakala zisizonunuliwa zilirudishwa kwa mchapishaji. Kuanzia miaka ya 1970 yakaenea maduka maalumu ya katuni yaliyonunua kwa bei nafuu kwa sharti la kutorudisha nakala. Mwenye duka huagiza miezi kadhaa kabla, bila kuisoma hadithi. Anachokiona ni tangazo tu. Toleo lenye namba moja lina mvuto wa pekee kwake, kwa kuwa wakusanyaji hulihifadhi wakitarajia lipande thamani, na msomaji mpya haogopi kulianza. Basi mwenye duka huagiza nakala nyingi za toleo la kwanza, chache zaidi za la pili, na huendelea kupunguza.

Mwaka 1991 Marvel ilitoa mfululizo mwingine wa X-Men, ukiandikwa na Claremont na kuchorwa na Jim Lee. Toleo la kwanza lilitolewa kwa majalada kadhaa tofauti, na nakala zaidi ya milioni 8 ziliuzwa kwa maduka. Nyingi zilinunuliwa na watu walionunua zaidi ya moja ili kuzihifadhi. Claremont, aliyeujenga mfululizo huo kwa miaka 16, aliondoka baada ya toleo la tatu. Mwaka uliofuata Lee na wachoraji wenzake sita waliihama kampuni na kuanzisha Image, ambako mtunzi humiliki kazi yake. Katika miaka hiyo ya 1990 soko la wakusanyaji liliporomoka, maduka mengi yakafungwa, na mwezi Desemba 1996 Marvel iliomba kinga ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Kundi lile lile ambalo mwaka 1975 lilihuishwa likiwa na namba 94, mwaka 1991 liliuzwa kwa mamilioni likiwa na namba moja, na miaka mitano baadaye mchapishaji wake alikuwa mahakamani. Haisemwi kwamba namba moja ndiyo iliyoleta anguko. Lakini ilikuwa sehemu ya biashara iliyouza majalada kwa watu wasiosoma yaliyomo.

Jaribio kubwa zaidi lilifanywa na DC mwaka 2011. Kampuni ilisimamisha majarida yake ya majagina na kuyaanzisha 52 kwa mpigo, yote kwa namba moja, mengi yakiwa na waandishi na wachoraji wapya. Action Comics, iliyokuwa imehesabiwa bila kurudi nyuma tangu 1938 hadi toleo la 904, ilirudishwa kwenye moja. Maagizo ya mwanzo yalikuwa makubwa. Lakini kufikia mwaka 2012 majarida sita kati ya yale 52 yalikuwa yamefungwa katika toleo la nane, na mengine yakafuata. Mengi yalibadilisha waandishi kabla msomaji hajaelewa yanaelekea wapi. Miongoni mwa yaliyostawi ni Batman, lililobaki kwa miaka kadhaa mikononi mwa mwandishi Scott Snyder na mchoraji Greg Capullo. Watunzi hao walipewa muda wa kuuliza swali lao, nalo lilihusu mji wa Gotham kuliko jagina mwenyewe: je, Batman anaufahamu kweli mji anaodai kuulinda?

Mwaka 2016 DC iliamua kurudisha hesabu ya zamani ya Action Comics, ikaanzia toleo la 957 kwa kuyajumlisha yote. Mwaka 2018 toleo la 1000 lilisherehekewa. Kampuni iliyoifuta hesabu kama mzigo iligundua baada ya miaka mitano kwamba hesabu hiyo ilikuwa sehemu ya utajiri wake.

7. Black Panther: swali linapoulizwa na mwingine

Mfano wa mwisho unarudisha mjadala Afrika. Black Panther, yaani T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, alitokea mwaka 1966 katika hadithi ya Lee na Kirby. Wakanda ilikuwa nchi ya Kiafrika isiyowahi kutawaliwa na wakoloni, yenye teknolojia inayoipita ya Wamarekani. Ilikuwa fikra ya ujasiri kwa wakati wake. Lakini kwa miaka mingi ufalme wenyewe haukuhojiwa. Mfalme alikuwa mwema, na hilo lilitosha.

Mwaka 1998 mwandishi mweusi Christopher Priest alianza mfululizo mpya wa mhusika huyu. Alimteua msimulizi mtumishi mweupe wa serikali ya Marekani, mwoga na mcheshi, ambaye kila mara anashindwa kumwelewa mfalme anayemhudumia. Kwa mbinu hiyo, mgeni asiyeelewa ni Mmarekani, na Mwafrika ndiye mwenye siri na mipango. Mwaka 2006, chini ya mwandishi Reginald Hudlin, T'Challa alimwoa Storm. Mwaka 2016 mwandishi Ta-Nehisi Coates na mchoraji Brian Stelfreeze walianza na maasi ndani ya Wakanda kwenyewe. Wananchi wameteseka, na wanauliza kwa nini nchi yenye maarifa kiasi hicho inatawaliwa na mtu mmoja kwa haki ya damu. Coates hakumgeuza T'Challa kuwa dhalimu. Alimwacha mwema, kisha akauliza kama wema wa mtawala unatosha, na hadithi ikaelekea kwenye katiba na uwakilishi wa wananchi.

Swali hilo si geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba halikuletwa kutoka nje ya hadithi. Lilikuwamo tangu mwaka 1966 katika neno mfalme, likisubiri mtunzi wa kulitazama.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika ufufuo wa majagina wakongwe kuna matendo mawili yanayochanganywa. Kuanza upya ni tendo la mchapishaji: hubadili namba, jalada na tangazo, na matokeo yake hupimwa kwa maagizo ya mwezi wa kwanza. Kusoma upya ni tendo la mtunzi: huchukua lililokwisha kusemwa na kuonyesha kwamba lilikuwa na maana ambayo haijachimbuliwa. Matendo hayo yanaweza kwenda pamoja, kama ilivyokuwa kwa Black Panther wa mwaka 1998 na 2016, yote yakiwa na namba moja. Lakini la kwanza bila la pili halidumu, na la pili limefaulu mara kadhaa bila la kwanza.

Tofauti kati ya utaratibu huu na ule wa fasihi simulizi haimo katika ubunifu. Fanani anayemsimulia Liyongo na mwandishi anayemrithi Swamp Thing hufanya kazi zinazokaribiana. Kila mmoja ana hadhira inayolijua jina la jagina na inayotaka kuona litasemwaje mara hii. Tofauti imo katika haki. Fanani haombi ruhusa kwa mwenye mali, wala hamnyang'anyi fanani aliyemtangulia. Mtunzi wa katuni hurithi kwa barua ya ajira, na mara nyingi aliyemtangulia hana sehemu katika faida.

Katika hilo maisha ya Len Wein, aliyefariki mwaka 2017, ni kielelezo. Alishiriki kuwabuni Storm na Swamp Thing, na wote wawili walifikia kilele chao mikononi mwa wengine: Storm kwa Claremont, Swamp Thing kwa Moore. Hakuwa mmiliki wa yeyote kati yao. Lakini mara zote mbili ndiye aliyemchagua mrithi, na alipochagua hakumtaka airudie kazi yake. Kampuni zinazotafuta namna ya kuwahuisha majagina wao zinaweza kuanzia hapo, kabla ya kufikiria namba ya kuchapa juu ya jalada.